Vitanda Kumi na Vinne

Batula aliamka na furaha siku ya ukaguzi, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Vitanda kumi na vinne vya nyumba ya watoto anayoisimamia pale Wabera vilikuwa vitupu, shuka zimekunjwa, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Miaka mitatu alikuwa amezunguka mpaka Ngaremara akitafuta shangazi, wajomba na nyanya, hadi kila mtoto akarudi kwa watu wake. Si serikali yenyewe ilisema mtoto alelewe na jamaa?

Erot, mpishi, alikuwa amemwonya. "Batula, hawa watu wa Nairobi wanahesabu vichwa. Wacha niite watoto wa jirani walale hapo saa moja tu."

"Nidanganye? Astaghfirullah!"

Basi akaja Bwana Gichunge, aliyetumwa kupitia upya jinsi serikali inavyogawa pesa za watoto. Akasalimu vizuri, akanywa chai yake, akapita kati ya vitanda na kalamu mkononi.

"Watoto wako wapi?"

"Kwa jamaa zao, wote kumi na wanne. Kila mwezi nawapelekea unga na mafuta kutoka kwa hizo pesa." Akamwonyesha mama mmoja kwenye benchi, Sadiya, muuza maziwa ya ngamia, na mjukuu wake Hamdia wa miaka saba, mmoja wa hao kumi na wanne. Alikuwa amewaita waje washuhudie.

"Kazi nzuri sana, madam," Gichunge akasema, na kweli alimaanisha. "Lakini fomu inauliza wanaolala hapa. Nikiandika sufuri, pesa zinakatwa."

"Kwa hivyo ningewafungia hapa ndio mnipe?"

"Fomu sikuitunga mimi."

Ebo! Afadhali angekuwa mkorofi, angalau Batula angepata wa kugombana naye. Akaichukua hiyo fomu, akaipekua kurasa zote kumi na moja. Palikuwa na nafasi ya vyandarua, ya ndoo, hata ya rangi ya lango. Nafasi ya nyanya haikuwepo. Hasira ikampanda mpaka machozi yakamlengalenga, na fomu akairudisha kwa mwenyewe.

Sadiya alikuwa amesikia yote. Akainuka, akamshika Hamdia mkono, akampeleka mpaka kitanda cha dirishani, kile mtoto alichokuwa akilalia zamani. Akamkalisha, akaanza kumvua viatu.

"Mama Sadiya, hapana," Batula akasema. "Tafadhali."

"Ukame umemaliza maziwa, Batula. Unga ukikatika nitampa nini, mchanga?" Akamgeukia Gichunge. "Akilala hapa atakula?"

Gichunge alitazama viatu vile vidogo sakafuni. "Akilala hapa, atahesabiwa."

"Basi mhesabu."

Batula alitaka kupiga kelele, lakini ampigie nani? Hamdia akaangalia vitanda vilivyobaki, kimoja kimoja, kisha akashika leso ya nyanya yake.

"Nyanya, na wewe utalala kitanda gani?"

Gichunge aliandika moja.