Safu ya Anwani

Barua ya wafadhili ilifika Garissa na msafara wa malori, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Juni, mwaka wa sitini na sita. Vumbi lilikuwa limeingia hata ndani ya bahasha. Bwana Lazarus Murithi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa ameketi, na mara ya pili ilimchosha kuliko ya kwanza.

"Mama Kinsi," alisema, "leo wametushika pabaya."

Qali aliacha kupiga taipu. Chini ya meza yake, juu ya kipande cha mkeka, binti yake wa miezi saba alikuwa akitafuna kifuniko cha chupa ya wino, kilichooshwa mara tatu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya zahanati: meza mbili, kabati la dawa lenye kufuli, na ukutani chati aliyoichora Qali mwenyewe kwa rula na penseli ya rangi. Chati hiyo ndiyo iliyokuwa maisha ya mradi. Wagonjwa mia moja na hamsini wa kifua kikuu walikuwa wakipewa vidonge hukohuko malishoni, badala ya kulazwa hospitalini mwaka mzima, maana madaktari wa ng'ambo walitaka kujua kama mchungaji anaweza kupona huku anatembea. Kundi la kwanza lilikuwa la watu tisini. La pili, watu sitini, lilianza miezi mitatu baadaye. Kila kundi lilikuwa na hatua zake: mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili. Katika kila hatua ilibidi wapatikane wanane katika kila kumi, wateme makohozi kichupani, vichupa vipelekwe Nairobi. Hatua ikifikiwa, ruzuku ilishuka. Isipofikiwa, ilikauka, na vidonge vikakauka pamoja nayo.

"Wanasemaje?" Qali aliuliza.

"Wanasema tunaomba petroli ya maili elfu mbili kuwatafuta watu tusiojua waliko." Murithi aliinua fomu. Safu ya majina ilijaa, safu ya umri ilijaa kwa kukisia, na safu ya anwani ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini. "Hii tuijaze kwanza, au makisio yetu ya fedha hayatasomwa. Sasa mimi nijaze nini? Kwetu Meru kila mtu ana shamba, na shamba lina mpaka. Nyinyi anwani yenu ni mkia wa ngamia."

"Mkia huo unajua unakokwenda, Bwana Murithi."

"Basi uulize."

Alisema kwa utani, lakini Qali alilichukua neno lile akaenda nalo nyumbani Galbet. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa mkubwa, katika darasa la ngumbaro lililofunguliwa jioni kwenye stoo ya ngozi, wanafunzi wakikalia magunia. Aliyemwezesha ni Raho, mdogo wa mama yake, aliyeuza mbuzi wawili ili apatikane daftari na mafuta ya taa. Watu walimcheka Raho wakati ule, wakamwambia amebadilisha mbuzi kwa karatasi. Naye aliwajibu kwamba mbuzi huliwa mara moja. Sasa Raho mwenyewe alikuwa mgonjwa wa arobaini na moja katika kundi la kwanza, na tangu Kinsi azaliwe hakuwa amewahi kumpakata. Kila mara alikaa mbali, kitambaa mdomoni, akamtazama mtoto kama mtu anayetazama moto wa jirani usiku wa baridi.

Kwa hiyo Qali aliijaza safu ile. Aliweza, kwa sababu alijua jambo ambalo mtu wa Meru hangelijua: kwamba watu wake hawatangitangi ovyo. Kila ukoo una kisima chake na msimu wake. Kiangazi cha Julai kikiingia, kundi la kwanza lote lingekuwa Kisima cha Bare, upande wa Modogashe, nusu yao wakifika wiki ya kwanza, nusu wiki ya pili. Aliandika majina matatu ya kila mtu, lake, la baba na la babu, kama mtu anavyojulikana kwao, kisha kisima, kisha wiki, kisha idadi ya ngamia, ili petroli ihesabiwe vizuri. Yale asiyoyajua alimwuliza Dagane, mhudumu wa zahanati aliyekuwa akipeleka vidonge.

Dagane alijibu, lakini kwa kuvuta maneno. "Walaal," alisema, akimwita dada, "haya ni mambo ya kusemwa. Si ya kuandikwa."

"Yasipoandikwa petroli haitoki."

"Hiyo betroli yenu," alisema Dagane, ambaye herufi ya p haikuwahi kukaa kinywani mwake, "mimi nilikuwa nakwenda kwa miguu kabla yake."

"Na ulikuwa ukiwafikia wangapi?"

Dagane alimtajia visima vilivyobaki, akatia saini chini ya orodha.

Jedwali lilipigwa taipu kwa kaboni, nakala nne. Moja ya wafadhili, moja ya Nairobi, moja ya faili. Ya nne ilikwenda boma, kwa mkuu wa wilaya, pamoja na ombi la kibali, maana siku zile za vita vya shifta, wale waasi wenye silaha, gari halikutoka mjini bila kibali, na makisio yoyote yenye safari ndani yake yaliambatanishwa. Ndivyo kazi ilivyofanywa. Qali mwenyewe ndiye aliyeipeleka, Kinsi mgongoni. Wala hakuipeleka kwa hofu. Aliwaza kwamba askari wakijua nani ni mgonjwa, hawatamdhania shifta. Juu ya nakala ile ya nne aliongeza kwa penseli nyekundu, kwa mwandiko wake bora: WAGONJWA.

Wafadhili walijibu upesi kuliko siku zote. Waliandika kwamba jedwali lile ni la mfano, na petroli ikatolewa yote.

Gari lilipangwa kuondoka Jumatano ya tatu ya Julai. Jumanne asubuhi Dagane aliingia ofisini bila kubisha, akasimama mbele ya chati.

"Msihangaike na safari," alisema. "Kisima cha Bare hakina mtu."

"Wamehama?" Murithi aliuliza.

"Wamehamishwa."

Walikuwa ng'ambo ya pili ya mji, ndani ya kijiji kipya kilichozungushiwa seng'enge, ambako serikali ilikuwa ikiwakusanya wafugaji ili shifta wasipate pa kulala wala maziwa ya kunywa. Wengine walikuwa wametembea siku tatu. Ngamia hawakuruhusiwa kuja. Wapo waliosema wamechukuliwa, wapo waliosikia risasi nyuma yao na hawakugeuka.

Qali alikwenda mchana uleule, na kibali cha mradi kikamfungulia lango. Alimkuta Raho ameketi kivulini mwa gunia lililotundikwa kwenye vijiti viwili. Kwao, mama mdogo na mtoto wa dada yake huitana kwa neno moja, mkubwa kwa mdogo: habaryar. Qali alilitamka akiwa bado mbali, akangoja Raho amrudishie.

"Karibu, karani," Raho alisema.

"Habaryar, nimekuja kuona..."

"Askari walikuja na karatasi." Raho aliongea polepole, kitambaa mdomoni. "Mimi sijui kusoma, lakini masikio ninayo. Waliita majina. Walimwita jirani yetu Yarrow, wakamtaja baba yake, wakamtaja babu yake. Wakaniita mimi hivyohivyo. Tulitazamana. Serikali imetujua lini hadi babu? Kuna mzee akasema, huenda wameleta dawa. Tukasimama wenyewe, tukajipanga mstari."

Qali alikaa chini mchangani. Mtoto mgongoni alianza kulia naye hakumgeuza.

"Nilifikiri wakijua ni wagonjwa..."

"Ulifikiri," alisema Raho. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Qali. "Ngamia wangu walikuwa kumi na mmoja, na karatasi yao ilisomwa hivyohivyo. Uliwaandika vizuri, hukukosea hata mmoja."

Wiki ile vichupa themanini na nane vilijazwa kwa siku moja, ndani ya seng'enge, bila kuchoma petroli hata galoni. Wawili waliobaki walikuwa wamekufa njiani. Murithi aliandika ripoti: Hatua ya mwezi wa sita, kundi la kwanza, imefikiwa kupita lengo. Aliandika, akaweka kalamu chini, akaisoma sentensi ile tena.

"Si uongo," alisema.

"Hapana," Qali alijibu. "Si uongo."

Hakuna kati yao aliyetaja nakala ya nne. Lakini tangu siku hiyo Murithi aliacha utani wa mkia wa ngamia.

Septemba ikaja barua nyingine. Wafadhili walifurahi mno. Sasa kundi la pili, wale sitini, lilikaribia mwezi wake wa sita, na waliomba jedwali la namna ileile, na mwandishi awe yuleyule. Bila hilo, fungu lao la ruzuku lisingetolewa.

Qali alijua walipo. Walikuwa Kisima cha Gelle, mwendo wa siku mbili, na mvua za Oktoba zingewavuta kuelekea mashariki. Alijua wiki, alijua idadi ya mifugo, alijua hata nani huchelewa kwa sababu ya mama mzee. Akiandika, nakala ya nne ingefika boma, nao wangejipanga mstari kama wenzao. Asipoandika, vidonge vingewaishia kabla hawajapona, na ugonjwa ulioachwa nusu, Dagane alimwambia, hurudi na meno makali zaidi. Siku mbili alikwepa mashine ya taipu. Alipanga upya faili zilizokuwa zimepangwa.

Siku ya tatu aliingiza karatasi na kaboni zake tatu. Akaandika majina sitini, jina moja moja tu, bila baba wala babu. Alipofika kwenye safu ya anwani alipiga neno moja: haijulikani. Akashuka mstari, akalipiga tena. Kinsi, ambaye sasa aliweza kusimama kwa kushika mguu wa meza, alikuwa akicheka kila kengele ya mashine ilipolia. Ililia mara sitini.

Murithi alisoma nakala zote nne kana kwamba zilitofautiana.

"Wakiiona hii watatukatia," alisema.

"Najua."

"Na wewe kazi yako inaisha na mradi. Hata yangu."

"Najua, Bwana Murithi."

Murithi alitia saini. Kisha alitoa ufunguo wa kabati la dawa kwenye pete yake, akauweka juu ya meza ya Qali, karibu na wino. "Hesabu ya stoo nitaifanya Ijumaa," alisema. "Leo ni Jumatatu. Sijui kabatini mna nini."

Mlikuwa na vidonge vya wiki tisa kwa watu sitini. Kwa siku nne Qali alivifunga katika vitambaa vidogo, akavitia fundo. Kila asubuhi Rukiyo muuza maziwa aliingia mjini na wenzake, vyombo vya kusukwa migongoni, wakapita kizuizini, wakauza, wakatoka na vyombo vitupu. Askari walivifunua wakienda mjini, si wakirudi. Rukiyo hakuuliza swali hata moja. Aliweka vitambaa chini ya kifuniko akasema, "Nitampa yule atakayempa yule," na Qali akashukuru kwamba hakutaja jina.

Wiki tisa si miezi sita. Qali alijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Barua ya kukatisha ruzuku ya kundi la pili ilikuja mwishoni mwa Oktoba, fupi na ya heshima. Kundi la kwanza lingeendelea hadi mwisho, kwa kuwa hao walipatikana kwa urahisi.

Pamoja na barua ile yalikuja majibu ya vichupa kutoka Nairobi. Namba arobaini na moja: makohozi safi.

Alikwenda kumwambia. Raho alikuwa amelala ubavu, mifupa ya bega imetokeza chini ya shuka, maana hapo kijijini kulikuwa na unga wa mgao tu na hakuna tone la maziwa. Kifua kilikuwa kimenyamaza kweli. Hakukohoa hata mara moja. Ila alikuwa ameisha, kama taa iliyofutwa masizi mafuta yakiwa yamekwisha.

"Umepona," Qali alimwambia. "Imeandikwa."

"Mambo mengi yameandikwa." Raho alifumbua macho. "Na wale wa kwa Gelle? Wako wapi?"

"Sijui."

"Wewe?"

"Sijui waliko. Nimeandika hivyo mara sitini, kwa nakala nne."

Raho aliupima uso wa Qali. Kisha akaanza kuinuka. Ilimchukua muda, na Qali hakuthubutu kumsaidia kabla hajaombwa. Alipokwisha kuketi, aliondoa kitambaa mdomoni, akakikunja, akakiweka kando.

"Habaryar," alisema, "nipe huyo mtoto."

Qali alimfungua Kinsi mgongoni, akamweka mapajani pa Raho. Mtoto alishika ushungi wa yule mama akauvuta kwa nguvu zake zote.

"Mzito huyu," Raho alisema, na mikono yake ikaanza kushuka. Qali akaingiza mikono yake chini ya ile, wakambeba pamoja.