Kamera ya Wifi na Macho ya Fundi

Wifi ni wifi. Hata akikuletea zawadi, ataisindikiza na neno. Ndiyo maana mlango wa karakana uliposukumwa kwa kiwiko asubuhi ile ya Alhamisi, Mama Bisibisi hakuhitaji kuinua uso ili ajue nani kaingia. Ni dada wa mumewe, na amekuja kushtaki.

"Wifi, hii kamera umeitengeneza au umeiroga?"

Akaiweka kamera mezani, na kando yake ukanda wa negativu, yaani filamu iliyosafishwa, ambao bado ulikuwa unanuka dawa. Mama Bisibisi akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Mteja kakaa kitini, pua imeyeyuka, macho hayana kope, mdomo kama umepakwa uji. Lakini ukuta wa nyuma yake, jamani! Kulikuwa na msumari pale ukutani, na kutu ya msumari ule ungeweza kuihesabu.

"Mteja ananiuliza kama nilikuwa nampiga picha yeye au msumari," wifi akasema. "Nimjibu nini?"

"Niachie mpaka mchana."

"Mara ya kwanza ukaniambia niachie. Mara ya pili, niachie. Wifi yangu, kamera hii sasa inaijua njia ya kuja hapa yenyewe."

Siku nyingine angejibiwa, tena angejibiwa akajibika, maana kwa maneno Mama Bisibisi hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Leo aliuinua ukanda tena kwenye mwanga. Hii ilikuwa roli ya tatu ya filamu kurudi vibaya.

Na tusimsingizie: kazi aliifanya kwa moyo wote. Wifi, ambaye ana studio ndogo kwenye kona ya mtaa, aliinunua kamera hiyo ikiwa imeshatumika, kwa mpiga picha mmoja aliyestaafu. Ni zile za filamu ambazo ukichungulia kidirisha chake unaona kitu kimoja mara mbili, kimoja kimemkalia mwenzake. Unazungusha pete ya lenzi mpaka viwili vikutane viwe kimoja, hapo ndipo unabonyeza. Ilikuja ikiwa hoi. Lenzi ina ukungu, pete haizunguki mpaka uilazimishe, sponji za kuzuia mwanga zimeoza zimekuwa lami. Kidirisha ndiyo kabisa, kile kivuli cha pili ulikuwa hukioni mpaka ukiombe. Mama Bisibisi akaifungua yote. Akaitoa grisi kuukuu kwa spiriti akaweka mpya, akakata sponji nyingine, akakiondoa kile kioo cha ndani kilichofifia, kidogo kama ukucha, akaweka kipya kinachong'aa. Siku wifi alipochungulia mara ya kwanza aliruka: "Hii imekuwa bora kuliko ilivyotoka kiwandani!" Kisha akaenda kupiga picha, na aibu ikaanzia hapo.

Sasa, wifi alidhani ni kamera tu inayosumbua. Hakujua mwenzake anaogopa nini. Aliyemfundisha Mama Bisibisi kazi hii ni baba yake mzazi, kwenye meza ile ile. Mzee alipofikisha miaka hamsini na miwili, kazi zake zilianza kurudi. Wateja wakalalamika picha zina ukungu, naye akaapa kamera ni nzima, mpaka siku alipomimina chai nje ya kikombe. Ilikuwa presha ya macho, ile isiyouma wala kubisha hodi, na alipofika hospitali walimwambia amechelewa. Sasa anakaa chumba cha pili, kipofu, na redio yake na maneno yake ya pilipili. Na mwaka huu Mama Bisibisi naye alitimiza hamsini na miwili.

Roli ya kwanza iliporudi vibaya alijiambia ni uchovu. Iliporudi ya pili, akaanza kuivuta taa ya mezani ije karibu zaidi. Hakumwambia mtu. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Mzee ndiye kabisa, utamwambiaje baba yako kwamba umerithi ugonjwa wake? Hospitali nayo aliiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano. Badala yake alimpigia simu fundi saa wa ng'ambo ya barabara, akamwambia aje Jumamosi avitazame vifaa vyake, huenda akavinunua vyote. Mama Bisibisi huyo huyo ambaye hajawahi hata kumwazima mtu bisibisi!

"Kaa," akamwambia wifi. "Leo utaniona nikifanya."

Akaufungua mgongo wa kamera, akaiacha shata, kile kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia, wazi, na pale filamu inapopita akalaza kipande cha kioo, upande mmoja laini, upande mwingine umesagwa ukawa mweupe kama wa dirisha la bafuni. Kioo hicho kazi yake ni kuidaka picha ya lenzi, fundi aione kabla filamu haijaiona. Akaielekeza kamera kwenye tangi la maji juu ya paa la shule, mbali kule, akainama. Tangi lilionekana kali kabisa, kila ukingo wake wazi. Ndivyo alivyoliona mara zote, na hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu jicho linalokudanganya halikuagi kwanza.

Akasogea pembeni. "Wifi, njoo utazame wewe. Niambie unaona nini."

Wifi akashangaa. Miaka ishirini hajawahi kuombwa msaada kwenye meza ile. Alizoea kuchapwa mkono akigusa kitu. Akainama. "Naona tangi. Limesimama kichwa chini."

"Ndivyo linavyotakiwa. Lina ukungu?"

"Ukungu wa wapi? Hata ngazi yake naiona. Ina vipago... vitano, sita, saba."

Mama Bisibisi naye alikuwa amehesabu saba.

Akakaa. Watu wawili wameona kitu kimoja, basi mbona filamu inakataa? Kioo na filamu vinakaa mahali pamoja, vitabishanaje? Akakitoa kioo, akawa anakigeuzageuza mkononi, na kidole gumba chake chenye jasho kikapita juu ya alama ya msalaba aliyoichora pembeni. Alama ikafutika, ikaacha doa la kijivu.

Akalitazama lile doa. Akalitazama tena.

"Penseli," akasema.

"Penseli gani?"

"Penseli haiandiki kwenye kioo laini! Wifi! Haiandiki!"

Wifi akamwangalia kama mtu anayetafuta njia ya mlango. Ngoja niwaeleze nyinyi, maana yeye alieleweshwa baadaye. Kioo cha zamani, cha mzee, kilikuwa na msalaba wa rangi upande wa laini, na sheria ya meza ile ilikuwa moja: msalaba umtazame fundi, ili upande uliosagwa uitazame lenzi. Kioo hicho kilivunjika mwezi uliopita. Mama Bisibisi akakata kingine kwenye fremu ya picha, akakisaga mwenyewe, akatafuta rangi ya kuwekea alama asiipate, akachukua penseli. Upande wa laini penseli ikateleza, akageuza, upande uliosagwa ikaandika vizuri, akaendelea na shughuli zake. Tangu hapo mkono wake, wenye mazoea ya miaka thelathini, kila mara ukaugeuza msalaba umtazame. Kioo kikakaa kinyume, naye akawa anaipanga lenzi kwa kukifuata. Picha ikawa inatua nyuma ya filamu kwa unene wa kioo kile, na ukali wote ukaenda kwa msumari.

Mama Bisibisi akacheka. Akacheka mpaka akashika meza, halafu kicheko kikageuka kilio, na wifi akamsogelea. Akamshika mabega tu. Ndipo yakatoka yote: macho ya baba, hamsini na miwili, siku tisa za kuivuta taa, fundi saa wa Jumamosi.

"Siku tisa?" wifi akasema. "Siku tisa umelibeba hilo peke yako na mimi nakuja hapa nakupigia kelele za msumari? Kwa nini hukunifunga mdomo?"

"Nani amewahi kuufunga?"

"Haya, umepona. Umeshaanza matusi."

Mama Bisibisi akakigeuza kioo. Tangi, lililokuwa kali, likawa ukungu mtupu, na hakuna ukungu uliowahi kumfurahisha mtu namna ile. Akalegeza skrubu tatu za pete, akaisogeza lenzi mpaka ngazi ikarudi, akalinganisha na vile vivuli viwili vya kidirishani, akakaza. Wifi akatia filamu. Wakaenda chumba cha pili kumpiga mzee picha, na mzee akalalamika kwamba hajanyolewa. Adhuhuri wifi akarudi mbio kutoka studio, ukanda ukiwa bado unachuruzika maji. Hawakuhitaji hata kuulizana. Kila unywele wa kidevu cha mzee ulisimama peke yake.

"Imekubali?" mzee akauliza kutoka kwenye kiti chake, redio ameizima.

"Imekubali, Baba."

"Kosa lilikuwa nini?"

"Kioo. Nilikiweka kinyume."

Mzee akauelekeza uso upande wa sauti ya binti yake. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake: "Siyo macho?"

Mama Bisibisi akasimama pale pale. "Nani kakuambia habari za macho?"

"Shingo ya taa ile inalia ukiivuta. Siku tisa naisikia inasogea, inasogea. Mimi nilianza hivyo hivyo." Mzee akaipapasa redio bila kuiwasha. "Nimekaa hapa namwambia Mungu, huyu nimempa kazi na nimempa ukali wa maneno, inatosha. Hilo lingine aniachie mwenyewe."

Mama Bisibisi akapiga magoti, akalaza kichwa kwenye mapaja ya baba yake kama mtoto. Hakuwa amewaza kabisa kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mtu mwingine aliyekosa raha siku zile zile tisa.

"Sasa inuka," mzee akasema. "Kioo kimekosea leo, sawa. Kesho utakwenda hospitali. Usiniletee hadithi. Mimi nilikuwa na hadithi nyingi kuliko wewe."

Ijumaa akaenda, wifi akimshika mkono utadhani anampeleka shule. Akawekewa matone, akapulizwa upepo jichoni, akatazama vitone vya mwanga akibonyeza kitufe kila kimoja kinapotokea. Daktari akasoma karatasi polepole mno, wakakaribia kumnyang'anya. Presha ya macho iko sawa. Mishipa mizima. Aje kila mwaka kwa sababu ya baba yake, na anunue miwani ya kusomea, basi.

Barabarani Mama Bisibisi akampigia simu fundi saa. "Usije kesho. Siuzi hata skrubu." Akakata kabla hajaulizwa.

Walipofika nyumbani mzee alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kizingiti kwa mikono miwili. Alizisikiliza hatua zao tu, na wifi akarudi nyuma kidogo kuwapisha.

"Mazima, Baba," Mama Bisibisi akasema.

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

"Sema tena."

"Macho yangu mazima, Baba."

"Tena," mzee akasema, na machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni bila yeye kuyafuta. Akamwambia tena. Akamwambia mara nne pale mlangoni, na kila mara mzee alitikisa kichwa kukubali kama anayesikia kwa mara ya kwanza.