Msikilizeni Dada Yangu

Kituo kizima cha afya kilimwita Mfano. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki enzi zile alipoletwa pale amefungwa mikono kwa shuka, anapiga kelele kwamba redio ya jirani inamsema. Alipopata nafuu wakampa kazi ya kuwatembelea majumbani wenzake waliopata nafuu, akae nao, awakumbushe dawa, aangalie kama wamelala, wamekula, wameoga, na awafundishe ndugu zao kuwatunza. Wageni wa ukaguzi wakija, daktari alimtoa Mfano kama watu wanavyotoa vikombe vizuri kabatini. "Huyu mnayemwona hapa," alisema, "alikuwa hajui hata kuvaa viatu." Mfano naye anatabasamu, wageni wanatikisa vichwa, kisha anarudishwa kabatini.

Msimcheke. Alitabasamu kwa sababu alikuwa na binti wa miaka saba mwenye alama nyeusi chini ya jicho, ambaye kila mtu alimwita Kidoti. Tangu ugonjwa ulipomwangusha mama, Kidoti alikuwa analelewa na dada mkubwa wa Mfano, mwanamke mwenye nyumba safi, mume mpole na tumbo lisilojaliwa mtoto. Dada alikuwa amesema maneno haya, jikoni, anamenya viazi: "Pata kazi, pata chumba, tulia mwaka mzima. Halafu njoo umchukue mwanao. Mimi siibi watoto wa watu."

Walikuwa wawili tu jikoni, dada na yeye. Mfano akapata kazi. Akapata chumba chenye dirisha, akanunua godoro dogo na chandarua cha waridi, akatulia. Alitulia mpaka akachosha watu.

Pale kituoni kulikuwa na utaratibu mmoja ambao Sista, muuguzi aliyesimamia chumba cha afya ya akili, aliupenda kuliko sindano zake. Kila aliyepata nafuu alitakiwa kuchagua mtu wake. Mtu wako ndiye atakayesema siku ukianza kuumwa tena, kwa kuwa wewe mwenyewe siku hiyo utakuwa wa mwisho kujua. Akisema yeye, kituo kinakuja, na ubishi wako haupimwi. Utaratibu mzuri, na umewaokoa wengi. Tatizo wagonjwa walikuwa wazito kuchagua. Walikaa kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, baada ya hao wa malaria na mafua kuondoka, wakatazama vidole vya miguu yao.

"Mfano, hebu anza wewe," Sista alisema siku moja. "Wenzio waone."

Dada alikuwa amealikwa siku ile, amekaa mstari wa nyuma na mkoba mapajani. Mfano akasimama. Alikuwa hajaandaa kitu, ila moyo ulikuwa umejaa shukrani, na shukrani ikijaa mtu huropoka. "Mtu wangu ni dada," akasema. "Siku dada yangu akisema naumwa, msinisikilize mimi. Msikilizeni yeye. Hata nikilia, hata nikiapa, msikilizeni dada yangu."

Watu wakapiga makofi. Dada akaja mbele akamkumbatia, akamwaga machozi ya kweli, hilo hakuna wa kumnyima. Sista aliyapenda maneno yale mno. Tangu siku hiyo kila mgonjwa aliyachukua yeye mwenyewe, akabadilisha jina tu.

Fundi, kwa mfano. Alikuwa mshona suruali, mtu mwembamba aliyeongea kama mwenye pini mdomoni hata pini zisipokuwepo. Hakuwa na mke wala rafiki, akamtaja kaka yake. Asubuhi moja yule kaka akapiga simu: njooni, amerudiwa.

Mfano na Sista walimkuta Fundi amesimama mlangoni ametanua mikono, miguu mitupu, macho mekundu. Nyuma ya kaka walikuwepo wabeba mizigo wenye mkokoteni.

"Wanaibeba cherehani yangu," Fundi alisema. Sauti ilikuwa juu, imepasuka. "Dada Mfano, waambie. Huyu anataka kuuza cherehani yangu."

"Anasema hivyo tangu jana," kaka alisema kwa huzuni. "Mimi naihamishia kwangu tu, asije akajichoma sindano."

Mfano akavaa ile sauti yake ya kazi, laini kama pamba ya kusafishia kidonda. "Fundi, jana ulilala?"

"Ningelalaje? Ungelala wewe?"

"Umekula?"

"Nitakulaje na watu wamesimama mlangoni kwangu?"

"Dawa umekunywa?"

Fundi akamtazama tu. Akafumbua mdomo, akaufumba. Baadaye sana Mfano angeuelewa ule mdomo, lakini siku hiyo alikuwa kazini. Akamgeukia Sista, akatikisa kichwa kukubali. Dereva wa kituo, pande la mtu, akasaidia kumshika.

Fundi alirudi kwao baada ya majuma kadhaa, mnene, mate yakimkaa pembeni mwa mdomo. Cherehani ilikuwa imeshauzwa. Kaka alisema ilibidi. Mfano alipoambiwa akamwambia Sista kwamba wagonjwa wengi hudhani wanaibiwa, ila mara hii imetokea tu kuwa kweli. Sista akasema ndivyo kazi ilivyo. Wakanywa chai.

Mwaka ukaisha. Usiku ule wa kuamkia Jumamosi Mfano hakupata lepe la usingizi. Alitandika godoro dogo, akatandua, akatandika upya. Asubuhi chakula hakikupita kooni. Akachukua begi tupu la kuwekea nguo za mtoto, akatoka karibu anakimbia, anacheka peke yake njiani kama mwanamke anayekwenda kuolewa. Waliopishana naye waligeuka kumwangalia.

Kidoti ndiye aliyefungua mlango. "Shikamoo, anti," akasema. Kisha akaita ndani, "Mama, anti wa kituoni amekuja."

Mfano alisikia vizuri. Akajikaza kisabuni, akaingia, akakaa. Dada akaleta chai, akaliona begi.

"Mbona umekuja na begi, mdogo wangu? Unasafiri?"

"Nimekuja kumchukua mtoto, dada. Mwaka umekwisha."

"Mwaka upi?"

"Ule tuliosema. Nipate kazi, nipate chumba, nitulie mwaka mzima. Ulisema mwenyewe, jikoni, unamenya viazi."

Dada akaweka kikombe chini taratibu. Akamtazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomtisha Mfano kuliko kitu chochote alichowahi kukiona akiwa mgonjwa au akiwa mzima.

"Mdogo wangu," dada alisema, "una uhakika hayo niliyasema mimi? Au uliyasikia tu?"

Mfano akajipima mwenyewe. Ameumwa, ndiyo. Amesikia redio ikimsema, ndiyo. Lakini viazi vile alivionja jioni yake, vilikuwa na chumvi nyingi. Akainuka. "Dada, usinifanyie hivyo. Kila kitu nifanyie, lakini hicho usinifanyie. Ulisema. Ulisema hapo, mguu wako ulikuwa pale na ndoo ilikuwa pale."

"Shusha sauti, mtoto anasikia."

"Asikie. Mtoto ni wangu."

Dada naye akabadilisha sauti. Akaivaa ile ya pamba. Mfano aliitambua mara moja, kwa sababu ni yeye aliyemfundisha, kule kwenye mabenchi, somo la jinsi ya kuongea na mgonjwa wako bila kumtibua.

"Jana ulilala?"

Mfano akalitazama begi.

"Umekula?"

Alitaka kusema hajala kwa furaha. Alitaka kueleza habari ya chandarua. Akafumbua mdomo, akaufumba, na papo hapo akamwona Fundi mlangoni kwake, miguu mitupu, na mdomo ule ule.

"Dawa umekunywa?" dada aliuliza, tayari anatafuta simu.

Sista alifika na gari la kituo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameacha foleni ya wagonjwa kwa ajili ya Mfano, na alikuja mbio kwa mapenzi. Dada akampokea mlangoni, akamweleza, na katika maelezo yake hakutia chumvi hata chembe. Amekuja na begi tupu. Hajalala. Hajala. Anasema nimemwahidi mtoto. Ananikaripia mbele ya mtoto. Kila neno lilikuwa kweli.

"Sista, wewe unanijua," Mfano alisema.

"Nakujua, mama. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Siumwi. Nina hasira. Mtu mwenye hasira mbona mnaona kila siku? Daktari akikosa chai yake anatukana mpaka mlinzi, mmewahi kumdunga?"

Dereva alicheka kidogo, akaacha alipoona Sista hacheki.

"Wewe mwenyewe ulituambiaje?" Sista aliuliza kwa upole. "Hata nikilia, hata nikiapa. Si maneno yako? Tumeyafundishia wagonjwa wangapi?"

Pazia la chumbani likatikisika. Kidoti alikuwa amelishika kwa mikono yote miwili, jicho moja nje, ile alama chini yake. Sista akaona anachokiona Mfano, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini.

"Twende kwa hiari yako. Ukikubali unaumwa, unakaa siku chache, unatoka, mambo ya mtoto tunayazungumza. Ukikataa, dereva ataingia, na huyu atamwona mama yake akibebwa. Aliwahi kukuona mara moja. Unataka iwe mara ya pili?"

Mfano alitafuta la kusema. Kila alilolipata lilikuwa dalili. Akilia, ni dalili. Akinyamaza, ni dalili mbaya zaidi, na hiyo alikuwa ameifundisha yeye, akiwa amesimama mbele ya watu na chaki mkononi. Akamtazama mwanawe. Alichotaka tu ni mtoto asishuhudie mikono ya dereva. Hicho angeweza kukipata.

"Naumwa," akasema.

"Sema tena, mama, ili dada asikie."

"Naumwa. Nisaidieni."

Dada akavuta pumzi ndefu. "Mmesikia," alisema, "mwenyewe amekiri." Kidoti akaliachia pazia, akakimbilia miguuni kwa dada, akaficha uso kwenye sketi yake. Alikuwa anamwogopa mgonjwa. Mfano akatembea mwenyewe mpaka garini, na hakuna aliyemgusa. Begi alilisahau kwenye kochi.

Zile siku chache zilirefuka, kama wote walivyojua zingerefuka. Dozi ikapandishwa. Mikono ikaanza kumtetemeka, akanenepa, chumba chenye dirisha kikapewa mpangaji mwingine. Mambo ya mtoto yalizungumzwa, ndiyo, kikao kikakaa, ila kilianza kwa Sista kusoma kwamba mhusika mwenyewe alikiri, hivyo hakikuchukua muda. Wakamwambia kazi yake itamsubiri. Wakampa mwingine kwa sasa, kijana mzuri, anatabasamu vizuri.

Wageni wa ukaguzi wakaja tena. Mabenchi yakapangwa duara, na Mfano akawekwa miongoni mwa wagonjwa, kati ya bibi mmoja anayesinzia na Fundi. Hawakusalimiana. Tangu habari ya cherehani Fundi alikuwa hamwambii neno, na Mfano hakuwa na uso wa kumwambia lolote.

Daktari akasimama. Hakuwa na kikombe chake kile cha zamani, lakini alikuwa amepata kingine. "Leo," alisema, "nataka muone familia inavyoweza kuokoa maisha. Karibu, mama."

Dada akaja mbele, amevaa vizuri, amemshika Kidoti mkono. Akakaa kwenye kiti, akampakata mtoto. Akasimulia jinsi alivyoziona dalili mapema. Jinsi moyo ulivyomuuma kupiga simu. Jinsi mdogo wake, hata katika ugonjwa, alivyosema mwenyewe nisaidieni. Hapo akafuta macho. Akamnong'oneza mtoto kitu.

"Ugua pole, anti," Kidoti alisema kwa sauti ya shuleni, akimtazama Mfano kidogo, kisha akitazama viatu vyake vipya.

"Huyu sasa ndiye mfano wetu," daktari alisema, mkono wake begani kwa dada. Wageni wakapiga makofi. Wagonjwa wakapiga makofi. Sista, amesimama karibu na kabati la dawa, alikuwa akipitisha macho usoni kwa mmoja mmoja.

Mfano akapiga makofi. Mikono ilikuwa inatetemeka, ikaanza kwa kasi, kasi mno, ikawa inagongana bila mpango.

"Punguza," Fundi alisema. Hakugeuza kichwa. "Anaangalia."

Mfano akapunguza.

"Si hivyo. Ukizidi kupunguza wanaongeza dozi."

Akatafuta mwendo unaofaa, hakuupata. Mbele yake, mapajani kwa dada, Kidoti naye alikuwa anapiga makofi, viganja vidogo vimenyooka kama walivyofundishwa darasani, bila haraka. Mfano akavitazama viganja vile, akaufuata mwendo wao. Vilipogongana naye akagonganisha vyake, mpaka Sista akaridhika, akahamishia macho kwa bibi anayesinzia.