Chumba cha Juu

Tangu ndege ilipotua Prinsipe, Deolinda na mumewe Hortensio walikuwa hawajakubaliana walale wapi. Hii ilikuwa likizo yao ya kwanza wawili peke yao, zawadi ya watoto, na Hortensio alishaipenda hoteli ya ufukweni: mchanga mlangoni, samaki wa kuchoma, usingizi wa mawimbi. Deolinda alitaka nyumba kubwa ya shamba la zamani la kakao, kule mlimani, ambayo siku hizi hupokea wageni. Mama yake, Bibiana, aliletwa huko kutoka Kaboverde akiwa msichana, kibarua wa mkataba, na huko huko akazeeka hadi kufa.

"Mke wangu," Hortensio alimwambia, "tumekuja kupumzika au kuweka matanga?"

Hata hivyo alipakia mabegi kwenye gari la mlimani.

Walikuta ukungu umelalia paa. Mwangalizi wa nyumba, mama mcheshi aitwaye Zulmira, akawaambia vyumba vilivyobaki ni viwili. Kimoja kilikuwa katika safu ya vijumba vya vibarua, vilivyokarabatiwa vikapendeza. Kingine kilikuwa ghorofani, chumba cha bwana shamba mwenyewe, kitanda kipana chini ya chandarua cheupe.

Hortensio akaelekea vijumbani na mabegi bila kuuliza. Alidhani anamfurahisha mkewe.

"Siyo huko," Deolinda akasema. "Huko mama alikujua. Alilala huko mpaka mgongo ukapinda. Huku juu alipanda kila siku kupiga deki, na hata kukaa kitako hakuwahi."

Hortensio akageuka, akapandisha mabegi ngazi.

Mchana mvua ilianza, ile mvua laini isiyo na haraka. Deolinda akajilaza. Sakafu ilinukia nta. Ukungu uliingia dirishani polepole, ukazunguka chumba kama mgeni anayetafuta pa kukaa. Hakujua kama amesinzia au yu macho alipohisi godoro likibonyea upande wa pili, kidogo kidogo, kama anavyokaa mtu mwenye woga. Hakugeuka. Alijisogeza tu, akaacha nafasi. Akasikia pumzi ndefu ya mtu aliyechoka, kisha mvua, kisha hakusikia kitu.

Alipoamka, jua lilikuwa likichungulia kati ya mikakao. Alimkuta mumewe verandani, miguu juu ya kiti.

"Ulikuja kulala?" akamuuliza.

"Nije nikuamshe? Niko hapa tangu mvua ianze."

Deolinda akakaa kando yake. Kutoka jikoni harufu ya samaki na shelisheli la kuchoma ilikuwa ikipanda. Baada ya muda Hortensio akauliza, kwa upole, kama kesho wangeweza kuteremka hotelini.

"Keshokutwa," Deolinda akasema. "Mwache alale."

Hortensio hakuuliza nani. Baridi ya jioni ilipoanza, alivua viatu, akaingia chumbani akinyata kuchukua sweta lake.