Mstari wa Ndoa

Mbuke alipofariki hapa Geita, kaka yake Ngassa alikuja kuuchukua mwili. Mhudumu wa chumba cha maiti aliuliza mimi ni nani wa marehemu. Ngassa akajibu, "Shoga yake. Walikuwa wanauza chakula pamoja." Hati akasaini yeye. Mimi nilibeba kanga zake.

Miaka kumi na mmoja tulilala kitanda kimoja, mchana tukipikia wachimbaji. Siku redio iliposema kuna nchi imeruhusu wanawake wawili kufunga ndoa, Mbuke alipunguza sauti majirani wasisikie, akacheka. "Wenzetu wamepata cheti, sisi tuna masufuria."

Sikucheka. Nilikitaka kile cheti.

Kijijini kwao, karibu na Maganzo, Ngassa aliniletea karatasi. "Paskalia, wewe umefika kidato cha nne, na mwandiko wako unasomeka. Tuandikie historia ya marehemu."

Niliandika kuzaliwa, ubatizo, shule, maradhi. Kwenye ndoa niliandika: Aliishi na Paskalia mpaka alipofariki.

Ngassa alisoma akiwa amesimama. "Hii hapa siyo."

"Ni kweli, shemeji."

Lilinitoka tu. Aligeuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake.

"Usiniite hivyo hapa. Unataka tumzike huku watu wanaturushia mawe? Andika hakujaliwa kuolewa."

Nilikuwa na siku nne sijalala. Nikaandika, kwa mwandiko wangu unaosomeka.

Makaburini katekista aliisoma kwa sauti. Alipofika "hakujaliwa kuolewa", wanawake waliguna, masikini. Baada ya udongo yakaitwa mashada: wazazi, ndugu, majirani. Mume akarukwa, maana hakuwapo. Marafiki tuliitwa mwisho. Niliweka langu pembeni, katikati palikuwa pamejaa.

Tuliporudi msibani nilikaa jamvini na shangazi yake Mbuke, bibi mwenye maneno mengi.

"Na wewe mwenzake, umeolewa au ndio mlikuwa mnangojeana?"

"Nimefiwa, shangazi."

"Ee, pole mwanangu! Na mdogo hivyo! Alikuwa mchimbaji?"

"Hapana. Alikuwa anapika."

Alitikisa kichwa, akanyoosha miguu yake yenye vumbi.

"Wanaume wa kupika ni wachache. Ulipata mtu."

"Nilipata," nikasema.