Aliyeitwa Karani

Orvil Combs aliezeka nusu ya mapaa ya mji ule wa milimani Kentaki, hadi siku alipoanguka, goti likavunjika, na daktari akamkataza ngazi. Trudy Napier, aliyerithi kampuni ndogo ya kuezeka kutoka kwa baba yake, hakumtupa. Alimpa meza, simu na birika la kahawa, na mshahara wa kumtunzia mkewe Imogene, ambaye mapafu yake yalikuwa yamechoka kiasi cha kutofika hata mlangoni.

Sasa, bima ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo mwajiri ndiye huilipa, haina huruma. Anayekaa ofisini hulipiwa senti tu. Anayepanda paa hulipiwa fungu kubwa la mshahara wake. Na mtu wa ofisini akipanda paa, hata mara moja, anahesabiwa mwezekaji mwaka mzima. Kila mwaka kampuni ya bima hutuma mkaguzi aulize nani anafanya nini, na wenye biashara ndogo hukosa usingizi.

"Mzee, akikuuliza mwambie ukweli tu," Trudy alimwambia asubuhi ile. "Unapokea simu, basi."

"Kwani mimi mtoto?" Orvil akanung'unika.

Mkaguzi, kijana mpole aitwaye Pruitt, alikuwa karibu kumaliza mvua ilipowashusha mafundi. Wakajazana ofisini, wakala maharage na mkate wa mahindi wakiwa wamesimama. Pruitt akamgeukia Orvil.

"Na wewe mzee, ndiye karani?"

"Karani wapi," fundi Curtis akadakia, mdomo umejaa. Orvil ndiye aliyemfundisha kushika nyundo. "Huyo ni mwali wetu, hatoki nje. Tunangoja tu apake rangi kucha."

Wakacheka wote. Orvil akawa mwekundu hadi masikioni.

"Waulize paa la kanisa la Wabaptisti nani alilimaliza juzi," alisema. "Nilipanda mwenyewe. Hawa walikuwa wanaogopa upepo."

Kicheko kikakatika. Kila mtu mle ndani alijua kwamba mzee hapandi hata kiti. Lakini nani angemwita mwongo mbele ya mgeni? Curtis alitazama sahani yake. Trudy alifungua mdomo, akaufunga, na Pruitt akaandika.

Wahenga walisema kiburi si maungwana. Ni kweli, ila wahenga hawakuitwa mwali mbele ya wanafunzi wao.

Bili ya nyongeza ilipofika, Trudy alimwita mzee, akafunga mlango.

"Andika tu kwamba hukupanda. Kwamba huwezi. Pruitt kasema wataifuta."

"Nilipanda."

"Orvil, tuko wawili tu humu."

"Nilipanda, binti. Kwa mkono wangu sitaandika kwamba siwezi."

"Basi siwezi kukuweka. Nikikuweka, itabidi nimtoe Curtis, na Curtis ana watoto. Unanielewa?"

"Nakuelewa." Alikuwa ameshachukua kofia. "Afadhali ufukuze fundi kuliko kufuga karani."

Trudy alilia kwa hasira. Alimchukia kwa ukaidi wake, akajichukia kwa kunyamaza siku ile, na lililomuuma zaidi ni kwamba Orvil alipita katikati ya mafundi kifua mbele, akapeana nao mikono kama mtu anayestaafu kwa heshima. Curtis hakuweza kumtazama usoni.

Alasiri simu iliita, ikaita tena, hadi Trudy akakumbuka kwamba hakuna mwingine wa kuipokea.

"Niitie mzee wangu," alisema Imogene, akivuta pumzi kila baada ya neno. "Kasahau dawa zake hapa."

Kumbe Orvil hakuwa amekwenda nyumbani, wala hakuwa amemwambia mkewe kwamba kazi imekwisha. Trudy alikitazama kiti kitupu.

"Yuko juu ya paa, mama."

Imogene akacheka, kicheko chembamba ambacho Trudy hakuwa amekisikia tangu mzee aanguke.

"Na goti lile? Nilijua tu hawezi kukaa chini maisha yote. Basi mwambie ashuke kabla giza halijaingia."