Suruali za Komanda katika Maji Baridi ya Nyangezi

Kwa roho ya mama yake aliyezikwa Nyantende, Muzee Firmin wa Nyalukemba anaapa kwamba haya yote ni kweli tupu. Likipatikana humu neno moja la uongo, atafua kwa mikono yake nguo za nyumba nzima, mashuka yakiwemo. Mke wake amesikia.

Kiangazi kile cha vita, mwaka wa tisini na tisa, mto wa Nyangezi ulishikwa na homa. Maji yalipungua, yakawa moto hata vyura wakaruka nje wakipuliza vidole. Samaki wote walikimbilia shimo moja chini ya mwamba, pale chemchemi inapotokea, kwenye baridi ya kuuma mifupa. Bintu, msichana aliyeishi kwa kutega samaki, ndiye peke yake aliyelijua. Alitia mguu, samaki wakamzunguka kama kuku wa nyumbani. Hakutega hata mmoja. Hawa wakiisha, alijiambia, mvua itarudi na mto utabaki maji matupu.

Shida ilikuwa askari. Wao walivua kwa kutupa mabomu ya mkono. Katika maji ya moto waliokota matope tu, kwa hiyo kila siku walipanda mto kidogo zaidi, mpaka asubuhi moja mlipuko ukasikika nyuma ya kona. Bintu akajitwika beseni, akawatokea.

"Komanda, na hizo nguo njo utaenda mu misa ya Asompsio, sikukuu ya Mama Maria?"

"Iko na nini?"

"Inanuka, papa. Padri ataacha mahubiri."

Askari wakacheka. Komanda akajinusa kwapani, akakunja uso.

"Muvue! Wote!"

Kabla ya adhuhuri Bintu alikuwa amelaza nguo za kikosi kizima ndani ya shimo la samaki, zimebanwa na mawe, bila hata chembe ya sabuni, maana sabuni ingeua samaki. Kikosi kikakaa kwenye nyasi na chupi tu. Askari mmoja mwenye njaa akainua bomu alitupe shimoni.

"Wee mujinga!" komanda akanguruma. "Unataka kupasua suruali yangu?"

Bomu likarudi mfukoni. Yaani lingerudi, kama angekuwa na mfuko.

"Maman, itaisha lini?" komanda aliuliza kila kukicha.

"Hii mafuta ya bunduki ni kichwa nguvu, haitoki mbio, papa. Inaomba kulowa siku mingi. Lakini kama unataka, vaa." Bintu akamwinulia suruali inayochuruzika. Komanda akaijaribu mara moja, meno yakagongana mpaka ng'ambo wakadhani ni risasi. Asompsio ikapita, komanda akiisikiliza kengele kutoka nyasini.

Mwishowe mvua ikashuka. Mto ukajaa, ukapoa, na Bintu akasimama juu ya mwamba akipiga vigelegele, amelowa chapachapa, huku samaki wakitoka shimoni kwenda kila upande, wengi hata mabomu ya jeshi zima yasingewapata. Walitoka kwa mstari kama maandamano ya kanisa, na aliyetangulia, kambale mwenye sharubu, alikuwa amevaa kichwani bere ya komanda...

"Firmin." Mke wake amesimama nyuma ya kiti, anasoma anachokiandika. "Bere gani?"

"Ile ya komanda."

"Komanda hakuwa na bere. Alikuwa na kofia ya sufu, ya mutoto. Mimi njo niliifua."

"Lakini, Bintu, mengine yote..."

"Mashuka iko kwa mulango."

Muzee Firmin anakunja mikono ya shati, anaingiza vidole ndani ya beseni, na kuruka. Maji ni baridi ya kuuma mifupa.